HAKI YA MWENZI WA NJIANI

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeifanya ardhi kuwa tandiko, akatia ndani yake njia pana za kupita waja wake. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na Aali zake, na Sahaba zake. Amma baad.

Masala yenyewe ni haya. Watu wametoka pamoja kwa safari ya kheri, kisha mmoja wao akashindwa njiani. Je, wenziwe wana ruhusa ya kumwacha ili waiwahi ile kheri waliyoitokea? Na yeye akisema, "Nendeni, nimewapa ruhusa," neno lake hilo huwatoa katika dhima au haliwatoi? Wengi hulijibu suala hili upesi, kwa kuwa hulitazama wakiwa wameketi barazani. Anayelitazama akiwa na vumbi miguuni huliona lina pande nyingi.

Ili sura ya masala ipate kuonekana, wachukuliwe watu watatu, waitwe Zaidi na Amri na Bakari, kama ilivyo dasturi ya vitabu vya nahau na fikihi, ambamo Zaidi na Amri wamekuwa wakipigana na kuuziana na kusafiri kwa zaidi ya miaka elfu bila ya kuchoka. Watu hawa wanakaa Mafiga, katika mji wa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Wametia niya ya kwenda Bagamoyo kwa miguu, kuhudhuria maulidi na kuzuru kaburi la Sheikh Yahya bin Abdallah, ajulikanaye kwa jina la Sheikh Ramiya, aliyekuwa khalifa wa tarika ya Kadiriya na kufariki mwaka 1931. Siku inayotazamwa hapa ni siku yao ya kwanza, kutoka Mafiga hatta Mikese.

Jina la mahali walipotokea linafaa kuangaliwa. Mafiga ni yale mawe matatu ya kuinjikia chungu, na Waswahili husema kuwa figa moja haliinjiki chungu. Mtume (S.A.W.), katika hadithi waliyoipokea Malik na Abu Daud na Tirmidhi, alimfananisha msafiri wa peke yake na shetani, na wawili akawafananisha na mashetani wawili, na watatu ndio aliowaita msafara. Wanavyuoni wakaeleza sababu yake. Aliye peke yake akiugua hana wa kumuuguza, na akifa hana wa kumwosha na kumzika, wala wa kuwapelekea watu wake wasia wake. Na wawili, akiugua mmoja, mwenziwe hufungwa: akienda kutafuta msaada amemwacha mgonjwa, na akikaa hapana wa kwenda. Wakiwa watatu, mmoja hukaa na mmoja huenda. Mwenye kuitia akili hadithi hii ataona kuwa hesabu yake imejengwa juu ya mgonjwa. Idadi ya msafara imewekwa kwa ajili ya yule atakayeanguka.

Imepokewa pia kwa Abu Daud kuwa watatu wakitoka safarini na wamfanye mmoja wao amiri. Hawa wakamfanya Zaidi, kwa kuwa ni mtu mzima na ameshaipita njia. Amri ni seremala, kijana mwenye nguvu, mwenye kuisoma Barzanji kwa sauti nzuri, naye ndiye aliyebeba sufuria na chakula cha shirika. Bakari ni muuza kahawa, amepita miaka hamsini, na mguu wake mmoja uliumia zamani. Khabari ya mguu huo hakuwaambia wenziwe.

Wakatoka baada ya sala ya Alfajiri, wakapita Msamvu kabla magari hayajawa mengi, wakashika njia ya mashariki, milima ikiwa upande wao wa kulia, imefunikwa na ukungu. Asubuhi hiyo walikutana na watu wengi kuliko walivyodhani: wanawake waliobeba ndizi na mboga kwenda sokoni, watoto wa skuli waliowaamkia "Shikamoo" kwa pamoja kisha wakacheka, na mzee mmoja mchunga mbuzi, asiyekuwa Muislamu, aliyewauliza waendako. Alipoambiwa, aliingia nyumbani kwake akatoka na maji, akawapa, asiulize neno jingine. Amri akasitasita kuyapokea. Hapana haja ya kusita. Imethubutu katika Bukhari kuwa Mtume (S.A.W.) na Sahaba zake, walipopatwa na kiu safarini, walitumia maji kutoka katika viriba vya mwanamke mshirikina, kisha wakamkusanyia vyakula wakampa. Sharti la adabu hapa ni hilo la mwisho, nalo ndilo wengi wanalolisahau.

Njia waliyoishika si njia mpya. Misafara ya Bagamoyo ilikuwa ikipiga kambi kando ya mto Ngerengere, karibu na mji wenye boma alioujenga Kisabengo. Na Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, alipopita hapo mwaka 1871 alimkuta binti wa Kisabengo ndiye anayetawala. Mikese pia ilikuwa kituo katika njia hiyo. Pembe za ndovu zilipita hapa, na watu waliofungwa minyororo walipita hapa. Na huyo Sheikh Ramiya, ambaye watatu hawa wanakwenda kumzuru, alizaliwa upande wa Manyema, mashariki ya Kongo, akaletwa pwani angali mtoto, naye ni mtumwa, akawa katika nyumba ya Amir bin Suleiman Al-Lamki pale Bagamoyo. Baadaye akasoma, akasomesha, akaongoza zikri, hatta Waingereza walipoushika mji mwaka 1916 wakamfanya Liwali wake. Ni jambo la kustaajabisha kuona watu wakitembea kwa hiari yao, wakisoma kasida, kwenda kwenye kaburi la mtu ambaye mwendo wake wa kwanza kuelekea mji ule haukuwa wa hiari. Katika misafara ile, aliyeshindwa kutembea hakungojwa. Hayo watu wa pwani yawapasa kuyakumbuka kuliko wengine, maana wazee wao walikuwamo katika misafara hiyo kwa pande zote mbili, wafungwao na wafungao.

Walipofika Kingolwira, jua limekwisha kupinduka, wakapumzika chini ya mwembe. Wakasali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusuru na kukusanya, kwa kuwa safari yao yapita marhala mbili. Bakari alipovua kiatu ili atawadhe, mguu ukaonekana umevimba, na baada ya sala kiatu hakikuingia tena. Akasogea nyuma ya mti ili wenziwe wasimwone akijaribu.

Katika hali hiyo wakatokea watu wanane waliotoka Kilosa, nao ni wa Bagamoyo pia, wenye mwendo wa kasi na bendera yao na dufu. Wakatoa salamu, wakapeana mikono na Zaidi na Amri, wakaulizana makwao na masheikh wao, ikawa furaha kubwa. Bakari, nyuma ya mti, hakuna aliyempa mkono.

Hapa yafaa itajwe khabari ya Ibn Batuta, ambaye watu wa pwani wanamjua kwa sababu alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na kuwashuhudia kuwa ni watu wa madhehebu ya Shafi. Alitoka kwao Tanja mwaka 1325 kwenda kuhiji, kijana wa miaka 21, peke yake. Akajiunga na wasafiri njiani, na walipofika Bijaya akashikwa na homa. Mwenziwe mmoja alimshauri abaki hatta apone. Akakataa, akitaka, kama ni kufa, afe akielekea Hijazi. Msafara ule ulikuwa na haraka ya haki, kwa hofu ya wanyang'anyi. Basi mwenziwe yule hakumwambia "kwa kheri". Alimwambia auze mnyama wake na mizigo mizito, akamwazima mnyama mwingine na hema, ili aweze kwenda mbio pamoja nao. Akawa akijifunga kwa kilemba juu ya tandiko asianguke, hatta wakaingia Tunis. Na huko Tunis wenyeji walipotoka kuwapokea wasafiri, killa mtu akapata wa kumsalimu illa yeye, kwa kuwa hakujulikana na mtu. Akalia. Mmoja katika mahujaji akafahamu kinachomliza, akamwendea akamsalimu na kumliwaza mpaka wakaingia mjini. Mtu huyu aliona dunia kubwa kuliko wengi wa zama zake, naye alipoisimulia safari yake baada ya miaka mingi hakuyaacha machozi hayo wala salamu hiyo. Kumtambua aliyeketi nyuma ya mti ni kazi ya msafiri kama kujua Kibla.

Wale wa Kilosa wakasema, "Twendeni pamoja, tukienda taratibu tutaukosa usiku wa maulidi." Amri akataka kwenda. Hoja zake zisidharauliwe, maana zina nguvu. Alisema kuwa mambo ya kheri hayataki kucheleweshwa. Alisema kuwa lau killa msafara ungesimama kwa killa aliyechoka, hapana msafara ungefika popote. Alisema kuwa Zaidi mmoja anatosha kukaa na Bakari, na jambo likitoshelezwa na mmoja huwaondokea wengine, kama ilivyo fardhi kifaya. Na yeye hatakuwa msafiri wa peke yake, kwa kuwa atakuwa pamoja na watu wanane. Kisha Bakari mwenyewe, aliposikia maneno yanavutana, akatokeza kichwa akasema, "Nendeni nyote wawili, mimi nitarudi Mafiga polepole. Nimewasamehe."

Kwa hukumu ya dhahiri, Amri ana njia. Bakari hana khofu ya kufa; yuko karibu na watu; Zaidi yuko naye. Mufti akiulizwa kama Amri anapata dhambi kwa kwenda zake, hawezi kusema ndiyo. Lakini sharia haikuishia kwenye kutopata dhambi. Mwenyezi Mungu, katika aya ya 36 ya Sura ya Nisaa, ameamrisha kutendewa wema wazazi na jamaa na mayatima na maskini na majirani, na katika orodha hiyo akamtaja sahibu aliye ubavuni. Wapo wafasiri waliosema kuwa ni mke, na wapo waliosema kuwa ni mwenzi wa safari. Na Abu Daud amepokea kwa Jabir kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akibaki nyuma katika mwendo, akiwasukuma walio dhaifu, akiwapakia nyuma yake, na kuwaombea. Jabir alikuwa na haki ya kulijua hilo, kwa kuwa yeye mwenyewe alipata kuwa mtu wa nyuma, ngamia wake amechoka, na aliyemfikia kutoka nyuma alikuwa Mtume. Hatta ndani ya sala, ambayo ni fardhi, imamu ameamrishwa kuupima mwendo wake kwa yule aliye dhaifu kuliko wote.

Ama ile ruhusa ya Bakari, hapo ndipo watu hukosea sana. Ruhusa haiwi ruhusa kwa kutamkwa tu. Imam Ghazali, katika Ihyaa Ulumiddin, amesema khabari ya mtu anayeombwa mali mbele ya watu akaitoa kwa kuona haya, na lau angekuwa faraghani asingeitoa. Mali hiyo haimhalalikii mwenye kuichukua, maana hapana tofauti baina ya kuupiga mwili kwa fimbo na kuupiga moyo kwa haya. Ikiwa ni hivyo kwa shilingi, basi je, kwa mtu mzima aliyeketi njiani na kiatu mkononi, mbele ya wageni wanane wenye bendera? Bakari angesema nini jingine? Kama angesema "Msiniache", angejiona mtoto. Mwenye kuitaka radhi yake ya kweli ni sharti amwendee peke yake, baada ya wageni kuondoka, amweleze yote yanayowezekana, likiwamo la kubaki wote, kisha anyamaze na kumpa muda. Radhi iliyosemwa haraka ili kumaliza aibu ni ya kutiliwa shaka, na mwenye kuikimbilia hujijua nafsini mwake kuwa aliikimbilia.

Na yapo yaliyowezekana ambayo hakuna aliyeyataja pale chini ya mwembe. Mabasi yalikuwa yakipita mbele yao saa zote kwenda Chalinze. Reli ilifika Morogoro tangu mwaka 1907, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme yaenda na kurudi baina ya Dar es Salaam na Morogoro. Nauli ya basi kwa watu watatu walikuwa nayo katika fedha ya shirika. Kilichowazuia ni kuwa wametia niya ya kutembea, na Amri aliona kuwa akipanda gari safari yake imeharibika.

Jambo hili limezungumzwa na wanavyuoni katika safari iliyo kubwa kuliko safari zote. Imam Nawawi ameeleza kuwa, kwa kauli sahihi ya madhehebu, kuhiji kwa kupanda ni bora kuliko kuhiji kwa miguu, kwa kuwa Mtume (S.A.W.) alihiji amepanda. Ghazali akapambanua: ambaye kutembea ni kwepesi kwake, kutembea ni bora, na ambaye kutembea kutamletea udhaifu na tabia mbaya, kupanda ni bora. Akaitaja tabia pamoja na udhaifu, na hilo ni la kuzingatiwa, maana wako watu ambao miguu yao haichoki hatta kidogo lakini tabia yao huchoka maili ya tatu. Tena aliyeweka nadhiri ya kutembea mpaka Nyumba Tukufu humlazimu kutembea, kwa kauli yenye nguvu katika Minhaji. Lakini akipanda kwa udhuru hija yake ni sahihi, na juu yake ni kuchinja. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Anas kuwa Mtume (S.A.W.) alimwona mzee akitembea huku amechukuliwa baina ya wanawe wawili, akauliza ana nini. Akaambiwa ameweka nadhiri ya kutembea. Akasema kuwa Mwenyezi Mungu hana haja ya mtu huyo kujiadhibu nafsi yake, akamwamrisha apande. Ikiwa hiyo ndiyo hali ya nadhiri ya Makka, niya isiyokuwa nadhiri ya kwenda Bagamoyo ina uzito gani mbele ya mguu uliovimba?

Kwa hiyo kilichotakiwa kwa Amri hakikuwa kuiacha ibada. Kilikuwa kuiacha sifa ya kuitwa aliyetembea, apande basi pamoja na wenziwe, wateremke Chalinze, na wafike Bagamoyo mapema kuliko wale wa Kilosa. Hilo ni gumu kuliko kutembea siku saba.

Isidhaniwe kuwa hukumu ni moja kwa killa safari. Kusimama Arafa kuna wakati wake, kuanzia jua kupinduka siku ya tisa ya Mfungo Tatu hatta kuchomoza alfajiri ya siku ya kumi, na asiyewahi amekosa hija ya mwaka ule. Basi mwenye hija ya fardhi, ambaye mwenziwe amechoka njiani baina ya Mina na Arafa, na mwenziwe hana hatari wala hakukosa wa kumtazama, hakatazwi kumtangulia. Lakini mwenziwe akiwa katika hatari ya kufa, hali hugeuka. Kumwokoa anayezama hutangulizwa juu ya sala ingawa wakati wake utatoka. Maulidi hayana wakati wa namna hiyo. Aliyeyakosa mwaka huu hakukosa fardhi yoyote, na kumswalia Mtume (S.A.W.) chini ya mwembe wa Kingolwira kunasihi kama kulivyosihi Bagamoyo.

Bakari naye ana sehemu yake ya lawama, wala udhaifu wake haumfichi. Aliujua mguu wake tangu Mafiga. Wenziwe walimchagulia mwendo, wakagawa mizigo, wakahesabu siku, wote wakidhani ni mzima. Mwenye kuuza mnyama huwajibika kumwambia mnunuzi aibu ya mnyama. Aliye mshirika wa safari vipi asiwaambie wenziwe aibu ya mguu wake? Lau angesema alfajiri, Zaidi angeweka vituo vifupi, au wangepanda gari tangu Msamvu, na Amri asingewekwa mahali pa kujaribiwa. Watu wazima wengi hufanya hivi, na huita subira. Subira ni ya mtu na Mola wake. Kuficha jambo ambalo wengine wamejenga safari yao juu yake ni namna nyingine ya kujipendelea, ingawa imevaa kanzu nzuri.

Na Zaidi aliye amiri? Yeye alinyamaza muda mrefu mno. Amiri hakuwekwa ili akate shauri baada ya watu kugombana. Amewekwa ili wasigombane. Ilimpasa awaangalie watu miguu kabla ya jua kuwa kali, na awaambie wale wa Kilosa kwa upole kuwa wao ni watatu na mmoja ni mgonjwa. Huenda mmoja wao angekuwa na dawa ya kuchua, na hapana shaka mmoja wao angezunguka mti akampa Bakari mkono.

Limebaki tawi moja la masala. Amri akiisha kuamua kufuatana na watu wa Kilosa, naye kwa dhahiri ya hukumu hazuiwi, ile sufuria na chakula alichobeba ni vya nani? Chakula cha msafara kilichochanganywa huruhusiwa kuliwa pamoja, ingawa mmoja hula zaidi ya mwenziwe. Sahaba walifanya hivyo safarini. Lakini mmoja akijitenga, haki yake ni fungu lake katika kilichosalia, na yaliyobaki ni amana mikononi mwake. Basi sharti aufungue mzigo pale pale chini ya mwembe, agawe mchele na sukari na fedha mafungu matatu, achukue moja. Na sufuria, kwa kuwa ni ya shirika na haigawiki, hana ruhusa ya kuondoka nayo mpaka waridhike wote wawili. Na radhi ya Bakari juu ya sufuria hutazamwa kama ilivyotazamwa radhi yake ya kwanza.

Wallahu aalam.